Sauti Isiyo na Kiitikio: Uhakiki wa Santuri ya "Big Science"

Santuri ya Laurie Anderson iitwayo Big Science ilitolewa na kampuni ya Warner Bros. ya Marekani mwezi wa Aprili 1982. Ilikuwa santuri yake ya kwanza kamili, lakini mwenyewe hakuwa mgeni jukwaani. Alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Illinois, akasomea uchongaji wa sanamu katika Chuo Kikuu cha Columbia, na katika miaka ya sabini akajulikana mjini New York kwa maonyesho ambayo watu walishindwa kuyapa jina. Katika onyesho mojawapo alipiga fidla akiwa amevaa viatu vya kutelezea vilivyogandishwa ndani ya mapande ya barafu, na onyesho likamalizika barafu ilipoyeyuka. Mwaka 1977 aliunda fidla ambayo uta wake haukuwa na nywele za farasi bali utepe wa sumaku wenye maneno yaliyonaswa, na mahali pa nyuzi pakawekwa kichwa cha kinasa-sauti. Uta ulipokwenda mbele maneno yalisikika sawasawa; uliporudi yalisikika kinyumenyume.

Yumkini msomaji atauliza kazi ya namna hii inatafuta nini katika jarida la lugha za Kiafrika. Katika chuo cha ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamili, ilifundishwa katika idara ya maonyesho. Idara ya muziki iliikana, na ile ya fasihi haikupata kuulizwa. Ugomvi wa namna hiyo si mgeni kwetu. Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, muda mwingi ulipotea katika kubishana kama yale ni mashairi au si mashairi, kabla ya watu kuuliza yanasema nini. Sioni faida ya kuirudia njia hiyo. Hoja ninayoitetea katika makala haya ni kwamba Big Science ni kazi ya masimulizi iliyonyang'anywa kiitikio, kwamba msanii amekinyang'anya kwa makusudi, na kwamba sisi tunaofundisha fasihi simulizi tumekuwa tukifanya jambo hilo hilo bila ya kukusudia.

Katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitaja mambo manne ambayo sharti yakutane ili tuseme kwamba pana sanaa ya maonyesho: dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja, na watazamaji. Wanafunzi wetu huyakariri vizuri. Lakini jambo la nne hulitaja kwa pumzi ya mwisho, kana kwamba watazamaji ni watu waliokuwa wakipita njiani wakaombwa wasimame kidogo.

Hapa Kakamega hatuhitaji kwenda mbali ili kuliona kosa hilo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Manju hutangulia, na wachezaji, wanaume katika safu yao na wanawake katika yao, humwitikia. Huchezwa mtoto azaliwapo, vijana watiwapo jandoni, harusini, matangani na uwanjani. Amsikilizaye manju peke yake hajasikia isukuti. Kiitikio ndicho kimwambiacho kwamba maneno yake yamepokelewa, au kwamba yamechosha na yabadilishwe. Akitia neno lisilowaelekea wafiwa, kiitikio hulegea, naye husikia kulegea huko kabla ya mtu yeyote kumnong'oneza. Kwa hiyo kiitikio si pambo la wimbo. Ni sikio la jamii lililopewa sauti.

Sasa na tuusikilize wimbo ulioitengenezea santuri hii njia. "O Superman" ulitolewa kwanza mwaka 1981 na kampuni ndogo ya New York, One Ten Records, nakala 1,000 tu. John Peel, mtangazaji wa BBC, aliupiga redioni, na kufikia Oktoba ya mwaka huo ulikuwa umeshika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Unadumu zaidi ya dakika nane. Huanza kwa silabi moja, "ha", iliyonaswa mara moja na kurudiwarudiwa na mtambo tangu mwanzo hadi karibu na kimya cha mwisho. Juu yake mwimbaji husema zaidi kuliko anavyoimba, na sauti yake imepitishwa katika vokoda, yaani mtambo unaoisokota sauti ya mtu pamoja na ile ya kinanda mpaka ikawa kama kwaya nzima imekaa ndani ya koo moja.

Mtu aweza kuiita silabi ile mapigo ya moyo, au pumzi, au kicheko. Mimi naisikia kuwa ni kiitikio, nacho ni kiitikio cha kutisha, kwa kuwa hakilegei. Mwimbaji akitaja mama, ni "ha". Akitaja ndege za kivita, ni "ha" ile ile, kwa kimo kile kile na kwa nguvu zile zile. Hakuna kosa awezalo kutenda litakaloifanya inyamaze, wala hakuna neno jema litakaloichangamsha. Mtu huyu anaitikiwa bila kusikiwa.

Yaliyomo katika wimbo yanathibitisha usikivu huo wa bandia. Simu inalia, na inayojibu ni mashine ya kupokelea simu. Mama anaacha ujumbe wa kawaida kabisa, wa kumuuliza mwanawe kama atakuja nyumbani. Kisha inaingia sauti nyingine isiyojitaja, inayodai kwamba inamjua msikilizaji ingawa yeye haijui, na kutangaza kwamba ndege zinakuja, zilizotengenezwa Marekani. Jina la wimbo na maelezo yaliyoambatanishwa nalo yanamtaja Massenet, mtunzi Mfaransa, ambaye katika opera yake ya Le Cid (1885) anamwonyesha shujaa, usiku wa kuamkia vita, akimwomba Mungu na kumwita mfalme, hakimu na baba. Anderson alimsikia Charles Holland, mwimbaji Mmarekani mweusi, akiiimba dua hiyo, na hapo ndipo wake ulipoanzia.

Msomaji wa tenzi zetu ataitambua fani hii upesi, kwa maana mtunzi wa utenzi hafungui mlango wa kisa kabla ya kubisha kwa dua. Lakini mwenye utenzi humwomba Yule ambaye anaamini kuwa anasikia. Katika "O Superman" mahali pa Mungu pameshikwa na shujaa wa vitabu vya katuni, na baada yake wanaitwa hakimu na wazazi. Dua imebaki na umbo lake, ila imekosa mpokeaji. Hatimaye mwana anamwomba mama amkumbatie, na mikono inayokuja kumkumbatia ni ya jeshi, ya umeme na ya viwanda vya mafuta. Kiingereza kina neno moja la mikono na silaha, na msanii anaupitisha utata huo bila kuuelekeza kidole. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, ingawa tunao mkono wa serikali, ambao mtu akiambiwa umemfikia hatarajii kubembelezwa.

Kuna jambo jingine katika wimbo huu ambalo ni rahisi kulipita. Sauti isiyojitaja inapoulizwa ni nani hasa, inajibu kwa maneno yaliyochongwa juu ya jengo la posta kuu ya New York, yanayosifu matarishi wasiozuiwa na theluji, mvua wala giza. Asili ya maneno hayo ni Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, naye alikuwa akiwasifu matarishi wa Uajemi. Uajemi ndiyo Iran ya leo. Mnamo Aprili 1980 jeshi la Marekani lilijaribu kuwaokoa mateka walioshikwa mjini Tehran. Jaribio likavunjika jangwani, helikopta ikaigonga ndege ya mizigo, na wanajeshi 8 wakafa. Anderson ameeleza kwamba kisa hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwake. Hivyo dola inayojitambulisha kwa sifa za kutozuilika imeziazima sifa hizo kutoka kwa watu wale wale ambao jangwa lao limeizuia. Sijui kama msanii alikusudia kwenda umbali huo. Maneno yenyewe yamekwenda.

Wimbo unaofungua santuri, "From the Air", ni tangazo. Rubani anawaarifu abiria kwamba ndege yao inaanguka, na anawaarifu kwa utulivu ule ule utumiwao kusema kwamba chai itapitishwa punde. Kisha maagizo yake yanageuka polepole kuwa ule mchezo wa watoto ambamo kiongozi huamuru na wenzake hufuata. Abiria hawajibu, ndani ya ndege hakuna mahali pa kujibia. Mtambaji wa ngano naye huigeuza sauti yake awapo fisi au zimwi, na hata Anderson, katika maonyesho yake ya jukwaani, alikuwa na mtambo wa kuishusha sauti yake mpaka ikawa ya kiume, ambayo yeye mwenyewe aliiita sauti ya mamlaka. Tofauti iko hapa: watoto waliokaa mbele ya mtambaji wanaweza kumcheka zimwi, na wakimcheka sana zimwi hupungua.

Msikilizaji wa Kenya hawezi kuusikia wimbo huu bila kukumbuka mambo yaliyotokea hapa nchini kabla santuri haijatimiza miezi minne. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa Jeshi la Anga waliiteka Sauti ya Kenya. Walimchukua nyumbani kwake Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo wanajeshi watiifu waliikomboa stesheni, na Mbotela akatakiwa atangaze kwamba serikali imerudi. Koo lilikuwa moja, lugha moja, na ufasaha ule ule. Mamlaka yalikuwa mawili. Mwenye redio alifanya nini? Alisikiliza. Mtambo ulikuwa na kinywa tu, na hata yule aliyekopesha kinywa chake hakuulizwa rai. Sisemi kwamba Anderson alibashiri mambo yetu. Upuuzi huo tuwaachie wauza magazeti. Nasema kwamba alikuwa amelielewa umbo la tukio la namna hiyo, na ndiyo sababu wimbo wake unatosha mahali ambapo hakuufikiria.

Wimbo uliopewa jina la santuri nzima ni mwepesi zaidi, lakini una utani ambao mkaazi wa mji wetu ataufurahia. Mtu anauliza njia ya kwenda mjini, naye anaelekezwa kwa vitu ambavyo havijajengwa bado: duka kubwa litakalokuwapo hapa, barabara itakayopita pale. Kakamega ulikuzwa na mbio za dhahabu za miaka ya thelathini, dhahabu ikapungua na mji ukabaki. Nasi huelekezana zaidi kwa vitu vilivyokwisha kuondoka, kwenye mti uliokatwa au duka lililofungwa. Mgeni hupotea kwa njia zote mbili.

Si kila kitu katika santuri hii kina uzito. "Sweaters", pamoja na zumari zake za Kiskoti, ni utani wa mtu aliyechoka na mpenziwe, na ukisikilizwa mara tatu umekwisha. "Example #22" ni mchezo wa sauti, na mimi sikuona zaidi ya mchezo. "Walking & Falling" ni mfupi sana, lakini hoja yake, kwamba kila hatua ni kuanguka ambako mtu amejizuia, ingefaa kusomwa na kila anayeandika juu ya miguu ya mchezaji ngoma.

Nautaka msomaji asikilize "It Tango", unaofunga santuri. Ni mazungumzo ya mwanamume na mwanamke ambayo hayakutani. Kila mmoja anasema lake, na la mwenziwe linapita kando. Sisi tunayo fani ya watu wawili kujibizana kwa mashairi, nayo ni ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliistawisha na kuitolea vitabu vya Ngonjera za UKUTA mwaka 1970 na 1971. Katika ngonjera pande mbili huanza kwa kupingana na huishia katika muwafaka, kwa kuwa mmoja amesikia akasadiki. Wengi wetu tumeilaumu fani hiyo kwa muwafaka wake wa haraka, ambao mara nyingi uliamuliwa na siasa kabla wahusika hawajafungua vinywa. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ukisikiliza "It Tango" utatambua ni imani kubwa kiasi gani iliyokuwa imefichwa ndani ya ngonjera, yaani imani kwamba mtu akiambiwa jambo anaweza kulisikia.

Hapana budi kulikabili pingamizi moja. Wako wenzetu washikiliao kwamba mitambo huua fasihi simulizi, na kwamba msanii aliyezaliwa ndani ya mitambo hana la kutufunza. Wako wengine, wafuasi wa Walter Ong, ambaye kitabu chake juu ya usimulizi na maandishi kilitoka mwaka ule ule wa 1982, washikiliao kwamba redio na televisheni zimetuletea usimulizi wa pili. Naona kwamba pande zote mbili zimekitazama kinywa cha mtambo na kusahau sikio lake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo miongoni mwa Wakipsigis, na katika moja wasichana walimwimba Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake ziliwafikia kwa gramafoni. Wao wakamfanya kiumbe nusu mtu na nusu paa. Sauti isiyo na mwili iliwajia ndani ya sanduku, nao wakaipa mwili na kuiimbia. Gramafoni haikuwasikia, lakini wao waliitikia hivyo hivyo.

Wakenya walioishika mitambo wenyewe baada ya hapo walikwenda mbele zaidi. Kikundi cha Just A Band, ambacho kilichanganya muziki wa umeme, picha za video na maonyesho ya sanaa, kilitoa santuri yake ya kwanza, Scratch to Reveal, mwaka 2008. Wimbo wake "Iwinyo Piny" umepewa jina la Kijaluo ambalo ni swali kwa msikilizaji kuhusu kusikia kwake. Mwaka 2010 wakatoa video ya wimbo "Ha-He", na mhusika wake Makmende akachukuliwa na watu wa intaneti, wakamtungia sifa na vichekesho visivyo na idadi, kila mmoja akijaribu kumpita aliyemtangulia. Hayo ndiyo majigambo, na hicho ndicho kiitikio. Wasanii walitupa neno, na hadhira ikawarudishia mamia. Nikilinganisha kazi hizi mbili kwa ufundi wa maneno, Anderson yu mbali mbele. Lakini kwa jambo ninalolijadili hapa, Just A Band walipata kitu ambacho Big Science inakililia.

Na tuwe waadilifu kwa Anderson: santuri ni pande tu la kazi yake. Nyimbo hizi zilitoka katika onyesho lake kubwa liitwalo United States, ambalo lilipochezwa Brooklyn mwaka 1983 lilichukua kama saa nane, likagawanywa katika usiku wa siku mbili. Huko palikuwa na picha, vivuli na kituo cha kimya ambacho msanii aliweza kukirefusha au kukifupisha kulingana na watu waliokuwa mbele yake. Yote hayo yaliachwa nje ya santuri. Tarehe 19 na 20 Septemba 2001, siku chache tu baada ya ndege kuyaangusha majengo mawili marefu ya New York, aliimba "O Superman" katika mji huo huo, mbele ya watu ambao hawakuhitaji kuelezwa ni ndege zipi. Maneno yalikuwa ya miaka ishirini nyuma. Maana yalipewa na watu waliokuwa wamekaa vitini.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa sababu wajuzi wake wengi ni wazee na wanaowarithi ni wachache. Tangu hapo vinasa-sauti vimeongezeka, na hilo ni jema. Lakini tazama jinsi tunavyonasa. Maikrofoni huelekezwa kwa manju. Mwanafunzi huandika maneno yake ubeti kwa ubeti, na kiitikio hukiandika mara moja tu, juu kabisa. Baadaye, kila kinapotokea, huweka neno "Kiitikio" ndani ya mabano, au alama ya kuonyesha kuwa kinarudiwa. Tasnifu nyingi nilizozisoma zimeandikwa hivyo. Katika kurasa hizo watu wazima waliosimama juani, wakiomboleza au wakishangilia, wamekuwa "ha" ya Anderson: wamenaswa mara moja, na mtambo umeachiwa kazi ya kuwarudia. Yeye alifanya hivyo ili tuogope. Sisi tumefanya hivyo ili tuokoe karatasi.

Nimeanza kuwataka wanafunzi wangu waweke kinasa-sauti cha pili upande wa waitikiaji, na waandike kila kiitikio upya kana kwamba hakijapata kusikika. Kazi hiyo inachosha, nao hawaifichi hasira yao. Mmoja aliyeleta wimbo wa matanga alikuwa ameujaza ukurasa kwa mambo ambayo hapo awali yangeingia katika mabano: mara ya tatu wanawake waliitikia peke yao, mara ya tano ngoma ndogo iliingia mapema, na mtu akacheka, mara ya saba manju alitaja jina la marehemu, na hapakuwa na kiitikio.